Mvua ya Kituo Namba Saba

Jumatatu, 3 Machi

Fomu ya kuanza kazi ina kurasa nne. Jina, chuo, mwaka wa masomo, mtu wa kuarifiwa nikipatwa na jambo: hayo niliyajaza mbio mbio. Kisha nikafika kwenye kisanduku kilichoandikwa UZOEFU, kisanduku kikubwa cha mistari sita. Nilikikodolea macho muda mrefu. Mwisho nikaandika "Sina", na mistari mingine yote nikaiacha vilevile, mitupu.

Mkuu wa idara aliisoma amesimama. Ni mwanamke mrefu, miwani yake inaning'inia shingoni kwa mnyororo. "Angalau husemi uongo," alisema, akaitia kwenye faili.

Tumeanza mafunzo wawili. Mwenzangu ni kijana wa chuo kingine, ana kalamu tatu zimejipanga mfukoni mwa shati, na kile kisanduku alikijaza chote akageuza na nyuma ya karatasi. Nafasi ya ajira ni moja tu, itatolewa mwisho wa Mei. Nimeanza kumchukia kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Miaka mitatu ya chuo nimekuwa nikiota kazi ya fedha: lifti za vioo, simu mbili mezani, mimi nikisema "nunua" na "uza". Ofisi yenyewe ni chumba kimoja ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Lifti haipo.

Kampuni inauza bima ya ukame. Mkulima analipa ada kabla ya msimu. Zikipita siku kumi mfululizo bila mvua ya kufika milimita mbili kwenye kipimo cha eneo lake, kampuni inamlipa. Hakuna anayekwenda kukagua shamba, hakuna kubishana. Kinachoamua ni kipimo. Vipimo vipo thelathini na kimoja, na vyote viko ukutani kwetu kwenye ramani, kila kimoja na pini yake nyekundu. Kila kipimo kina mtunzaji. Saa tatu asubuhi mtunzaji anasoma maji yaliyoingia tangu jana, anatuma ujumbe, nasi tunaingiza kwenye kompyuta. Yaani kazi yangu ni kuandika mvua.

Nilipomwambia mama mdogo hivyo, kwamba naandika mvua, alinijibu bila kuinua kichwa kwenye beseni, "Basi iandike inyeshe kwa wengine. Mimi nina mashuka arobaini hayajakauka."

Jumanne, 11 Machi

Kumenyesha. Nimeandika.

Jumatano, 12 Machi

Laiti siku hii ingefutika. Mvua ilikuwa inateremka kwenye dirisha, na mimi nikawa nachagua tone moja na kulisindikiza hadi chini, halafu jingine. Kituo Namba Kumi na Tisa kilituma tatu nukta mbili. Nikaandika thelathini na mbili.

Mkuu aliliona kosa baada ya dakika kumi. Hakupiga kelele. Alinivutia kiti, akanikalisha, akaonyesha mahali nukta ilipotakiwa kuwa, kwa ncha ya kidole, kama anayemwonyesha mtu punje ya mchanga.

"Unajua hii nukta inabeba watu wangapi?"

"Hapana, mama."

"Mia mbili na kumi. Wote wamesimama juu ya nukta. Na wewe ulikuwa wapi?"

Nikasema ukweli, kwamba nilikuwa dirishani. Mwenzangu, Kalamu Tatu, akacheka puani. Tangu leo mchana mimi ni Mawingu. Nami, kimoyomoyo, nimelipiza: mkuu nimempa jina la Mama Nukta.

Jumapili, 16 Machi

Nyumbani kamba zimepita chumba kizima, za mashuka ya nyumba za wageni, na mvua haijakatika tangu Ijumaa. Kutoka kitandani hadi mlangoni lazima uiname mara tano. Nimezoea. Mama yangu alipofariki nilikuwa na miaka tisa, nikaletwa kwa mama mdogo, na siku ya kwanza kabisa alinipa kikapu cha vibanio akasema, "Wewe utaanika, mimi nitafua, tutaelewana." Tumeelewana hadi leo.

Mikono yake imeharibika. Sabuni imeila, ngozi imepasuka kwenye viungo vya vidole, na usiku anaipaka mafuta na kuivika soksi. Leo aliniambia nikipata ile kazi ataacha mashuka ya nyumba za wageni, atabaki na nguo za watu anaowapenda tu.

"Ni wangapi hao?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Wanne. Watatu, maana yule fundi cherehani amenikera."

Nimecheka, lakini kisha nimehesabu siku zilizobaki hadi mwisho wa Mei.

Ijumaa, 21 Machi

Sijakosea namba siku ya saba leo. Nimegundua namna yangu: kabla ya kuandika, nafumba macho nasikiliza mvua ya kituo chenyewe. Kituo Namba Ishirini na Mbili hunyesha kwa hasira mabati yakalia. Namba Nne hunyesha alfajiri, watu wakiwa bado wamelala. Nakaa pale mezani, kalamu mkononi, nimesimama katika nyua thelathini na moja kwa wakati mmoja, na zote zina harufu ya udongo. Mama Nukta akipita anagonga meza mara moja kwa pete yake. Narudi.

Jumanne, 25 Machi

Kituo Namba Saba: 3.1.

Ijumaa, 28 Machi

Kituo Namba Saba: 2.9. Jirani zake, Namba Sita na Namba Nane, wamefikisha siku ya kumi bila tone. Leo tumeandaa malipo ya wakulima wao.

Jumanne, 1 Aprili

Namba Saba: 3.3. Nimekipenda kituo hiki kuliko vyote. Hakuna radi, hakuna mafuriko. Milimita tatu hivi, siku zinapita, milimita tatu tena. Mvua yenye adabu, inabisha hodi kabla ya kuingia. Nimemwambia Kalamu Tatu kwamba nikizeeka nitajenga huko. Akasema nimalize kwanza kuingiza data ya asubuhi.

Ijumaa, 4 Aprili

Namba Saba: 3.0. Namba nyingine zote zimeingia sawa. Hapa mjini viatu vyangu vimeota ukungu.

Alhamisi, 10 Aprili

Simu ya ofisi hupokelewa na wanafunzi. Saa tano ililia, nikaipokea, na huko upande wa pili alikuwa mwanamke mwenye sauti ya taratibu, mtu ambaye ameshakasirika mpaka hasira ikamwishia.

"Binti, mimi ni mkulima, mko nami kwenye bima yenu. Eneo la Kituo Namba Saba. Jirani zetu ng'ambo ya barabara kuu wamelipwa. Sisi nimeambiwa hatustahili, kwa sababu kwetu mvua inanyesha."

Nikatazama skrini. "Ndiyo, mama. Ijumaa iliyopita ilinyesha milimita tatu. Na juzi Jumanne pia, mbili nukta nane."

Dirishani kwetu mvua ilikuwa inamwagika, nikaogopa kwamba anaisikia.

"Nisaidie kitu kimoja tu," akasema. "Hiyo mvua mnayoiandika huko, inamnyeshea nani? Mimi naamka saa kumi na moja kila siku. Shamba langu liko hatua mia tatu kutoka kwenye hicho kipimo. Tangu katikati ya Machi sijaona hata wingu."

Nikasema nitamfikishia mkuu, akanishukuru, na kule kushukuru ndiko kulikoniumiza. Nimekaa na ule mkonga wa simu mkononi baada ya yeye kukata. Mwezi mzima nimekuwa nikifumba macho na kusimama uani kwa Namba Saba, nikisikia mvua laini, na mtu anayeishi pale ananiambia ni jua tupu. Niliona aibu kama niliyekamatwa ndani ya nyumba ya mtu.

Nilimweleza Mama Nukta. Alivaa miwani, akapitia namba zote za Namba Saba, akaivua.

"Mvua huweza kunyesha upande mmoja wa barabara, upande wa pili pakavu. Mtunzaji wa pale namjua, si mtu wa kudanganya. Kipimo nilikikagua mwenyewe Februari. Mkataba unafuata kipimo, Mawingu, haufuati simu."

Ni kweli yote aliyosema. Nimerudi mezani.

Ijumaa, 11 Aprili

Namba Saba: 3.0.

Kalamu Tatu amenishangaza. Wakati wa chai alikuja na kalenda aliyoichora kwa rangi, kalamu nyeusi kwa sifuri, nyekundu kwa mvua. "Nimesikia ile simu jana," alisema. "Sikulala vizuri. Tazama. Tangu tarehe kumi na nane Machi, Namba Saba inapata mvua Jumanne na Ijumaa. Hakuna siku nyingine. Mvua haijui Jumanne."

Tukaitazama kalenda ile kama watu wawili waliookota kitu njiani wasijue ni cha nani. Nimeacha kumchukia. Si jambo rahisi, maana nafasi bado ni moja.

Jumapili, 13 Aprili

Leo asubuhi mbingu zilifunguka. Mama mdogo akapiga kelele ya furaha, tukatoa mashuka yote nje, tukajaza kamba za uani kutoka ukuta hadi ukuta. Jua linapopita kwenye mashuka meupe unakuwa kama uko ndani ya yai. Nilikuwa natembea katikati yake bila haraka, nikimfikiria yule mwanamke na mbingu yake, ndipo tone likaniangukia shingoni.

Nikasimama. La pili likaniangukia palepale.

Nilikimbilia stoo nikachukua mkebe mtupu wa rangi, ule ulionyooka kuta, nikauweka chini ya pindo la shuka, pale maji yanapokusanyika. Nikaketi juu ya beseni lililofunikwa, nikangoja. Ti. Ti. Kisha polepole, kisha kimya. Nikatumbukiza rula.

Mama mdogo alikuwa ameshika kiuno. "Miaka yote hii nafua. Leo ndiyo mara ya kwanza naona mtu anapima maji ya shuka kwa rula."

"Milimita tatu," nikasema.

"Ndiyo nini?"

Nikamweleza yote: kipimo, mwanamke, Jumanne na Ijumaa. Kipimo cha Namba Saba kiko kwenye uwanja wa zahanati, hilo nimeliona kwenye orodha. Mama mdogo alisikiliza huku akibana pembe ya shuka.

"Mnasoma asubuhi maji ya jana, si ndiyo? Basi ni Jumatatu na Alhamisi. Mwanangu, hizo ni siku za mashuka. Yanachafuka mwisho wa wiki, yanafuliwa Jumatatu. Yanachafuka tena, yanafuliwa Alhamisi. Nenda popote penye vitanda vingi utakuta hivyohivyo."

"Na siku ya mvua?"

"Siku ya mvua nani ataanika nje? Ndiyo maana maji ya shuka hayakuchanganyika na mvua ya kweli."

Nikamwambia naogopa. Kwamba mkuu alikikagua kile kipimo mwenyewe. Kwamba nilishakosea nukta, na mwanafunzi aliyekosea nukta hawezi kumwambia mkuu wake kuwa mvua yake ni maji ya kufulia, na nikisema nikawa nimekosea tena, kazi imekwenda.

"Jikaze kisabuni," akasema, akanirushia vibanio. "Na hilo shuka linaburuta."

Jumatatu, 14 Aprili

Saa mbili na nusu, kabla Mama Nukta hajaingia, nilimpigia mtunzaji wa Namba Saba. Ni mlinzi wa zahanati. Kalamu Tatu alisogeza kiti akasikiliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kusoma bado, saa tatu haijafika."

"Najua, mzee. Naomba kuuliza, hapo zahanati mnafua mashuka siku gani?"

"Jumatatu na Alhamisi. Kwani mna nguo?"

Kalamu Tatu alifunika mdomo. "Hapana, mzee. Na kamba ya kuanikia iko wapi?"

"Ah, kamba ilikuwa tatizo, ile nguzo ya zamani ilioza. Mwezi wa tatu tukaifunga kwenye nguzo ya kipimo chenu. Nguzo imara sana ile! Nilitaka hata niwashukuru, nikakosa salio."

Nilimuuliza kama mwezi huu ameona mvua ikinyesha. Akasema hapana, hajaiona, ila yeye si wa kukesha akitazama juu. "Mimi nasoma kilichomo. Nilifundishwa hivyo, nisome kilichomo, nisiongeze la kwangu."

Mama Nukta alipoingia nilimfuata hadi mezani kwake kabla hajakaa. Nilisema kila kitu, na rula nikamwonyesha, sijui kwa nini niliibeba. Aliipokea rula, akaitazama pande zote. Chini, kwenye duka la magodoro, mtu alikuwa akipiga godoro kutoa vumbi.

"Unaelewa maana yake?" akasema mwishowe. "Wakulima mia mbili na kumi na wanne. Kampuni ilipe, na mimi niandike kwamba kwa mwezi mzima nimetia sahihi mvua ya mashuka."

"Ndiyo, mama."

"Ukikosea safari hii, Mawingu, kwenye kikao sitakuwa na neno la kukutetea."

"Ndiyo, mama."

"Alhamisi tunakwenda."

Alhamisi, 17 Aprili

Mwendo wa saa tatu na nusu kwa gari. Tulitoka mjini kwenye mvua, vifutio vya kioo vikienda mbio, na mahali fulani baada ya Namba Sita mvua ilikatika kabisa. Mahindi ya huko yamefika magotini na majani yamejisokota. Mama Nukta alifungua dirisha akatoa mkono nje, kiganja juu, akauacha hivyo muda mrefu.

Uani kwenye zahanati mashuka tisa yalikuwa kambani. La mwisho, lililo karibu na nguzo, lilikuwa limelegea, na pembe yake ilining'inia juu kabisa ya mdomo wa kipimo. Ti. Ti. Mlinzi alitoka kutulaki, amechomekea shati, anatabasamu. Alipoona tunakotazama, tabasamu likamwisha kidogo kidogo. Aliketi kwenye ngazi akashika kichwa. "Nimewanyima watu chakula," alisema. Nikaketi kando yake.

Mama Nukta alisimama pale, suti yake na viatu vyake vya mjini, akalihesabu kila tone. Kisha akafungua kamba kwa mikono yake mwenyewe. Shuka lilimwangukia begani likamlowesha, hakujali.

Mwanamke alikuja kwa njia ya shambani, jembe mkononi. "Ninyi ndio wa mvua?" Niliijua sauti palepale.

"Ndio sisi," Mama Nukta akasema. "Mimi ndiye mkubwa wao. Tumekosea. Naomba radhi, mama."

Yule mwanamke alilitazama shuka, akatazama kipimo, akatutazama. Halafu akaanza kucheka, cheko la kuchoka, hadi akajifuta macho kwa khanga. "Mwezi mzima nimejiona kichaa," alisema. "Nilikuwa natoka nje nanusa udongo." Mama Nukta alimshika mkono, nao wakasimama hivyo. Mimi nilikuwa nalia waziwazi.

Jumatano, 30 Aprili

Kikao cha wakubwa. Mlango umefungwa tangu saa tatu. Chai imeingia mara tatu, haijatoka hata kikombe.

Jumanne, 6 Mei

Wamelipwa, wote mia mbili na kumi na wanne. Yule mwanamke alipiga simu, akaniita "mwenye shuka". Alisema amepata mbegu za muda mfupi, na kwamba jana, bila aibu yoyote, mvua ilinyesha kwao. Nikafumba macho ili niisikie. Kisha nikafumbua, nikangoja ujumbe wa mlinzi. 11.4.

Ijumaa, 23 Mei

Nafasi amepewa Kalamu Tatu. Mkurugenzi alisema dawati linahitaji mtu asiyekosea namba, na yeye miezi mitatu hajakosea hata moja. Ni haki, hilo ndilo linalouma. Nililia chooni, nikanawa, nikarudi kumpongeza. Alikuwa na aibu kuliko mimi. Alichomoa kalamu ya kati, ile nyekundu, akanipa. Mfuko wake sasa una pengo.

Mama mdogo sijamwambia. Nimemkuta anapaka mafuta mikono, akaniuliza siku imekwendaje, nikasema kumenyesha.

Ijumaa, 30 Mei

Siku ya mwisho. Mvua imekwisha pia, mitaa imekauka, na mwanga wa asubuhi ulilala sakafuni kwetu mrefu na wa njano. Nilisimama mbele ya ramani nikaziaga pini zangu moja moja. Nilikuwa nimefika Namba Kumi na Sita nilipogongewa meza kwa pete.

"Njoo," Mama Nukta akasema.

Mezani kwake kulikuwa na faili langu. Alisema, akitazama faili, kwamba baada ya Namba Saba amejiuliza vile vituo vingine thelathini vina nini juu yake, na hajui, na kutojua huko kunamkosesha raha. Kwamba wakubwa wamekubali kuajiri mtu wa kuvizunguka mwaka mzima, kusimama kwenye kila uwanja na kutazama. Dawati, hapana. "Kwenye dawati wewe ni hatari."

Akatoa ile fomu yangu ya Machi, akachana ukurasa wa pili, akaniwekea mwingine mpya. UZOEFU. Mistari sita.

"Huu jaza upya."

Nilishika kalamu nyekundu ya Kalamu Tatu. Nikaandika kwa herufi kubwa ili isomeke: kuanika nguo, miaka kumi na miwili. Nikamsogezea. Nilidhani atacheka. Alivaa miwani, akasoma, akainua macho.

"Kumi na miwili kamili?"

Nikahesabu tangu siku ya kile kikapu cha vibanio. "Kumi na miwili nukta tano, mama."

"Basi weka nukta," akasema.